Uso Uliokaa Chini Mno

Saa moja na nusu asubuhi mwanamke mmoja amesimama ng'ambo ya barabara, mkoba kwapani, akijifanya anasubiri usafiri. Magari yanapita na hapungii hata moja mkono. Macho yake yako kwenye kibanda cha magazeti cha upande wa pili.

Leo toleo jipya la jarida la sinema limeingia mtaani, na jalada lake amelitengeneza yeye. Ofisini wanamwita Mama Jalada. Kila toleo linapotoka huja kusimama hapa, kwa sababu haamini sifa za ofisini. Anaamini shingo za wapita njia.

"Mtu akipita asigeuze shingo, aliyeshindwa ni mimi," anasema, macho hayabanduki kibandani. "Si mwigizaji, si mpiga picha. Mimi."

Anapita mwanamke mwenye mwavuli. Anapita kijana mwenye visikizio masikioni. Wanapita wanafunzi wanne wakisukumana. Hakuna shingo inayogeuka.

Anasogea hatua chache ili aone vizuri, na hapo ndipo anapoona.

Ukuta wa kibanda ni mdogo na majarida ni mengi, kwa hiyo muuzaji huyatundika kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, kila moja likifunika nusu ya chini ya lililo nyuma yake. Kinachobaki wazi ni sehemu ya juu tu. Na sehemu ya juu ya jalada la leo ina jina la jarida na ukuta mweupe, basi. Mwigizaji, msichana mgeni kabisa kwenye sinema, amekaa sakafuni chini ya ukuta huo. Yuko pale, lakini amefunikwa na jarida la ujenzi lenye picha ya tangi la maji.

"Mungu wangu," ananong'ona. "Nimemzika mtoto wa watu nyuma ya tangi."

Si kosa la mtu asiyejua kazi. Alianza akiwa msichana, akimshikia baba yake ngazi huku mzee akichora nyuso za waigizaji kwenye ukuta wa jumba la sinema. Kazi ya majalada ameifanya miaka kumi na minane, na kanuni zake anazisema bila kufikiri.

Uso ukae juu, kwa ajili ya vibanio. Macho yamtazame mnunuzi, kama ya mtu anayemjua. Nyekundu na njano husimamisha watu, kijani husinzia. Maneno yawe machache, tena yaache kitu hakijasemwa.

"Ukiwa na waigizaji wawili, mke na mume kwenye filamu, usiwakumbatishe," anaeleza, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anatabasamu. "Waache mbali kidogo. Mtu atajiuliza, hawa wamegombana nini? Hilo swali ndilo linalomfanya anunue."

Ana kanuni nyingine ambayo haimo katika kitabu chochote. Kabla jalada halijaenda kwa mchapaji, hulibandika kwenye mlango wa jokofu nyumbani. Mama yake, ambaye anaishi naye na kutegemea mshahara wa bintiye kwa kila kitu, hukaa mwisho wa sebule bila miwani na kutoa hukumu.

"Mama akiuliza, 'Huyo nani, kafanya nini?' najua tumeuza. Akisema 'nzuri', nalirarua. Nzuri ni neno la picha za kalenda."

Na safari hii mama alisemaje?

Anauhamisha mkoba kutoka kwapa moja kwenda jingine.

"Alisema, 'Nzuri, mwanangu.' Nikajifanya sijasikia. Ile picha niliipenda. Kwenye kompyuta inakaa peke yake, haina tangi wala kibanio. Nilikuwa nimechoka kupiga kelele za nyekundu na njano kila mwezi. Nikasema mara hii moja tu nijipendezeshe mwenyewe. Ona sasa."

Amechagua mwezi mbaya wa kujipendezesha. Katika nakala elfu sita za toleo lililopita, zaidi ya nusu zilirudishwa bila kuuzwa. Mhariri aliitisha kikao akasema wazi kwamba hili nalo likirudi hivyo, jarida litaacha kuchapishwa na litabaki kwenye simu. Kwenye simu hakuna jalada la kutundikwa, na unga wa Mama Jalada utakuwa umemwagika. Mama yake bado hajaambiwa.

Simu inaita. Ni mhariri.

"Vipi huko mtaani?"

"Bado mapema, bosi."

"Mapema mpaka lini?"

Anakata simu, anapiga moyo konde na kuvuka barabara. Muuzaji, ambaye mtaa mzima unamwita Mzee Vibanio, anamwona akija.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mama. Leo umeniletea ukuta. Mimi ni fundi, niuze kuta?"

"Mzee, naomba ulisogeze mbele."

"Mbele pana wenyewe. Nikimtoa huyu wa matangi, kesho nitamwambia nini?"

Mama Jalada anaitazama kamba. Anautazama ukuta wake mweupe kwa muda mrefu.

"Basi lipindue."

"Nini?"

"Lipindue, mzee. Kichwa chini, miguu juu."

"Watu watasema nimelewa asubuhi asubuhi!"

"Waache waseme. Mpaka waseme, watakuwa wamesimama."

Mzee anacheka mpaka kibanio kinamtoka mkononi, lakini anapindua. Sasa ukuta mweupe umezama nyuma ya tangi na msichana ametokeza juu, utosi ukielekea chini, macho yakitazama barabara. Mama Jalada anarudi ng'ambo, roho juu juu.

Mwanamume mwenye bahasha anapita, anapunguza mwendo, anainamisha kichwa bega la kulia.

"Mzee, jarida lako liko kichwa chini!"

"Nisaidie kuligeuza, baba, mikono imejaa," anajibu mzee, ambaye mikono yake haina kitu.

Mwanamume analichomoa na kuligeuza. Kelele zinamwishia. Anatazamana na yule msichana.

"Huyu nani?"

Ng'ambo ya barabara, Mama Jalada anaziba mdomo kwa kiganja. Mwanamume analirudisha jarida kambani na kwenda zake. Kiganja hakitoki mdomoni. Anakuja dada mwenye sare ya hospitali, naye anainamisha kichwa, anageuza, anauliza. Huyu analipa.

Haitoshi, na analijua hilo. Amekwenda kujaribu kibanda cha pili na kurudi; muuzaji wa huko amemfukuza akisema hafanyi mzaha na kazi. Vibanda ni vingi na yeye ni mmoja. Ukweli wote utajulikana mwisho wa mwezi, marobota ya nakala zilizorudi yatakapoteremshwa.

Simu inaita tena.

"Kuna mtu kanitumia picha," anasema mhariri. "Jarida letu limetundikwa kichwa chini! Nani kafanya ujinga huo?"

"Mimi, bosi."

Mama Jalada anafumba macho.

"Na watu wanasemaje?"

"Wanauliza, huyu nani."

"Haya," anasema mhariri, na simu inakatika. Hajui hiyo "haya" ni ya kumsamehe au ya kumuaga. Anaitazama simu kama itamwambia.

Akipewa mwezi mmoja tu, anasema, uso utakaa juu, na mama akisema "nzuri" atalirarua jalada papo hapo, hata kama analipenda vipi. Leo jioni atamweleza mama habari ya kikao, akiweza. Ana mengine ya kusema kuhusu mwezi ujao, lakini anayaacha njiani na kunyoosha kidole kibandani.

"Subiri. Yule pale, mwenye shati la bluu. Iangalie shingo yake."