Maji Usoni mwa Nassibu

Mama yangu, Mwajabu binti Kondo, alizaliwa Temeke akazikwa Temeke, na katikati hapo hakuwahi kumwamini mtu. Aliyemsifia mtoto wake alikuwa hasidi; asiyemsifia, hasidi aliyejificha. Baba, kuli wa bandarini, alishazoea.

Mwaka 1952, kabla sijazaliwa, Mama alimpata kaka yangu Nassibu, na moyo wa Nassibu ulikuwa na kasoro. Pengine wiki nzima ilipita salama, halafu ghafla mtoto anakataa titi, jasho linamtoka, kifua kinadunda upesi hata huwezi kuhesabu. Dresa wa zahanati alimsikiliza mara mbili, na mara zote mbili walifika moyo umekwisha kutulia. Mama akatoka akisema, "Wananificha." Akampaka mtoto wanja, akamvisha hirizi, akaanza kutafuta ni nani uani anayemroga mwanawe.

Hakutafuta mbali. Chumba cha mwisho cha nyumba yetu walipanga karani wa Kihaya na mkewe, Mama Adelard, Wakatoliki wa rozari ukutani. Mwanamke yule alikuwa amezika watoto wawili kwao Bukoba, na akiona kitoto kichanga alikikodolea macho mpaka akajisahau. Mama aliyaona macho hayo, akayapa maana yake mwenyewe.

Mchana mmoja Mama yuko bafuni, Nassibu akashikwa. Aliporudi alimkuta Mama Adelard amempakata, anammiminia maji usoni kwa kata, midomo inacheza. Mtoto akashtuka, akavuta pumzi, akalia, kisha akatafuta titi.

Mama hakuliona hilo la titi. Aliona maji na midomo, na alishasikia kwamba Mkatoliki yeyote anaweza kumbatiza mtoto anayekata roho.

"Unambatiza mwanangu!"

"Mama Nassibu, nilimwona anakufa, mie..."

"Ndivyo mnavyoiba watoto nyie! Toka!"

Mke wa karani hakukana, na hilo ndilo lililompandisha Mama mori. Alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani amsomee mtoto, akaufunika mtungi wake kwa kaniki na kuifunga kamba, asije mtu akayachezea maji yake. Baba akaambiwa wapangaji wale wahame mwisho wa mwezi. Siku kumi walipishana uani bila salamu.

Siku ya kumi na moja, Jumapili, zahanati imefungwa, moyo ulianza mbio asubuhi na hadi adhuhuri haujatulia. Hirizi ipo, wanja upo, mganga kaja kaenda. Midomo ya mtoto ikageuka rangi ya majivu. Mama aliogopa, aliniambia mwenyewe. Akambeba mwanawe hadi chumba cha mwisho, wala hakupiga hodi.

"Maji ya siku ile uliyateka wapi?"

"Mtungini kwako. Yale ya baridi."

"Na maneno?"

"Ya ubatizo. Sikufichi, dada."

Mama akamtazama. Bado alimshuku, lakini mtoto alikuwa akimponyoka mikononi.

"Njoo ummwagie kama siku ile. Ila mdomo wako ufunge. Maneno nitasema mie."

Wakaikata kamba ya mtungi. Mama Adelard akammwagia kata nzima usoni, Mama akipaza Bismillahi mpaka jirani wa pili akasikia. Nassibu akashtuka, akapiga kelele, na chini ya kiganja cha Mama moyo ukashuka, ukaanza kupiga pigo moja moja, la kuhesabika.

Wapangaji hawakuhama. Mtungi haukufungwa tena, na kila moyo ulipoanza mbio wanawake wale wawili walikimbilia kata pamoja, hadi maradhi yenyewe yakamwacha mtoto. Leo Nassibu ni babu, msikitini hakosi safu ya kwanza.

Karani alipohamishiwa Bukoba, Mama alimsindikiza shoga yake stesheni, na hapo tu ndipo alipothubutu kumuuliza: siku ile ya kwanza, alimbatiza mtoto kwa jina gani?

"Nassibu," alijibu Mama Adelard. "Si lilikuwa jina lake?"

Mama alimkumbatia akalia, aibu imemjaa, mpaka treni ikaondoka. Kila aliponisimulia kisa hiki alilia tena palepale. Kisha alijifuta machozi kwa ncha ya kanga na kuniuliza, "Lakini nani alimsikia akilitaja?"