Aliyemfundisha Kudunga

Nilikwenda hospitali ya misheni kutibiwa kichomi, nikitembea mwenyewe kutoka kijijini kwetu Ikonge. Nilirudi nimebebwa kwa machela. Dresa, msaidizi wa daktari, alinidunga sindano takoni, nikahisi moto ukishuka hadi vidoleni, na tangu hapo mguu wa kulia ukawa unaburutika kama wa mtu mwingine.

Mume wangu alikuwa kazini Kericho, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyeamua. "Tunarudi huko huko," alisema. Hakujua Kiswahili, na daktari Mzungu hakujua Ekegusii, lugha yetu. Mimi niliyesoma kidogo nikawa mkalimani wa shauri langu mwenyewe.

Daktari alitusikiliza amesimama. "Yule dresa alikosea, nimemfukuza. Sasa mnataka nini tena?"

Nilipotafsiri, mama aliketi chini, pale pale mlangoni pa chumba cha matibabu.

"Mwambie mimi yule kijana simjui. Nilimleta mke wa mwanangu hospitalini. Ng'ombe wa mtu akila wimbi wangu, siendi kusema na ng'ombe."

Niliogopa. Nikamwambia daktari, "Mama anaomba msaada."

Mama alinikazia macho. Maneno yangu yalikuwa machache mno. "Mwambie yote."

Nikayasema yote. Daktari aliiva uso. "Aondoke mlangoni, au nitamwita askari."

"Amwite," mama akajibu. "Na huyo naye nitamwonyesha mguu."

Hakuna aliyesogea. Mwishowe daktari alipiga goti mbele yangu, akanichomachoma unyayo kwa pini. Sikusikia kitu. Akaniuliza sindano iliingia wapi. Nilipomwonyesha, alifumba macho.

"Si mahali pake," alisema taratibu. "Hapo pana mshipa wa fahamu."

Mama akauliza, "Nani alimfundisha kudunga?"

Nilitafsiri bila kupunguza neno. Daktari aliiweka pini mezani.

"Mimi."

Mama alisimama, akajikung'uta vumbi. "Basi akutibu yeye mwenyewe."

Nililazwa majuma mengi. Daktari mwenyewe alinikanda mguu, akamwagiza fundi wa Kihindi mjini Kisii anitengenezee kiatu chenye chuma. Kupitia dirisha nilisikia madresa wakifundishwa upya. Nguvu zilirudi nusu tu. Nililima na kuzaa nikichechemea.

Mama hakuridhika kamwe. Kila tulipokutana na daktari sokoni, aliniuliza mbele yake mguu unaendeleaje. Daktari alikwisha kuyajua maneno hayo ya Ekegusii. Alisimama, akangoja nijibu.