Ukelele wa Ingobyi

Nilipopangiwa Busunzu, magharibi kabisa mwa nchi, shangazi yangu kule Korogwe aliniuliza kama huko ninakokwenda kuna watu au kuna misitu tu. Nilimjibu kwamba vyote vipo, ingawa mimi mwenyewe sikuwa na hakika. Nilikuwa nimechaguliwa katika programu inayokusanya vijana wa Afrika Mashariki, inawapa mafunzo mjini, kisha inawatawanya vijijini wakaishi mwaka mzima na vikundi vya uzalishaji mali. Tuliitwa viongozi chipukizi. Kikundi changu kilikuwa cha wakulima wa muhogo, wengi wao wanawake, katika kijiji kilicho bondeni, mbali na barabara kuu. Mratibu wangu alikaa Kasulu mjini, na tulionana alipopenda yeye.

Nilipokewa nyumbani kwa mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo mwenye kicheko cha kutimua kuku. Wazazi wake walikuja wakiwa wakimbizi kutoka Burundi, na yeye sasa ni Mtanzania, kama walivyo wengi wa kijiji kile. Mlimani juu yetu kulikuwa na kijiji kingine, cha Waha wenyeji wa tangu na tangu. Tulisali nao kanisa moja na tulizikana. Kilichotushinda kukubaliana nao ni mashine.

Programu ilikuwa imeahidi mashine ya kusaga. Ilipoulizwa ifungwe wapi, kijiji cha juu kilisema juu na kijiji cha chini kikasema chini. Mfuga nyuki mmoja wa juu, mzee mrefu mwenye sauti iliyozoea kuita kutoka mti hadi mti, alisimama mkutanoni akaapa kwamba mashine ikienda kwa waliokuja juzi, muhogo wa nyumba yake hautaikanyaga. Juzi yenyewe ilikuwa kabla mimi sijazaliwa. Hata hivyo kikundi kilikuwa cha chini, na mashine ikapangwa kuja chini.

Mwenyekiti alitoa kiwanja. Alikata migomba yake ya mbele ya nyumba, ile iliyomsomeshea watoto, ajenge banda la mashine. Watu wa huku mgomba hawaukati hivi hivi, na siku ile majirani walikuja kumtazama akikata kama wanaotazama msiba. Banda likasimama, mashine haikuja. Miezi ikapita. Mbuzi wakahamia bandani, na kwenye kisima watu wa juu wakawa wanamuuliza kama mbuzi wake wanasaga vizuri. Alicheka nao. Nyumbani hakucheka, na jioni alikuwa anakaa mlangoni anaangalia pale migomba ilipokuwa. Nami nilikuwa nakaa kando yake.

Tena mimi ni mtu wa saa na sina subira. Nikiitisha mkutano asubuhi, nataka watu asubuhi. Wanakikundi walikuwa wanafika mchana, mmoja na mtoto mgongoni, mwingine na jembe begani, wananisalimia kwa utulivu wote wa dunia, "Mwakeye, mwana wanje," yaani umeamkaje mwanangu, ingawa ni mchana, wanapiga makofi taratibu, wanauliza habari za mama yangu, za shangazi yangu, za mvua ya Korogwe. Mpaka salamu ziishe, ajenda zangu zimepoa. Nilikuwa nampigia mratibu simu nalalamika kwamba hawa watu hawajui kujipanga.

Siku moja ya kulalamika hivyo nilikuwa nimeketi kanisani, nikaona juu, chini ya mabati, machela imening'inizwa. Ilifumwa kwa matete na kamba za katani, imefungwa kwenye miti miwili mirefu iliyong'aa kwa kushikwa. Nikamwambia mwenyekiti kwamba kitu kile kinafaa makumbusho.

"Hiyo ni ingobyi," alisema. "Ya kubebea wagonjwa. Mama yangu alikuja nayo kutoka Mabamba, kule mpakani."

"Aliibeba?"

"Alikuwa ndani yake. Mimi nilikuwa natembea pembeni nimeshika kamba."

Akanieleza sheria zake, na alipoeleza hakucheka hata kidogo. Ukelele wa ingobyi ukipigwa, kila anayeusikia anaupokeza. Ingobyi ikipita, anayekutana nayo anaingiza bega, awe anajua nani yumo au hajui. Haiwekwi chini njiani, maana kuiweka chini ni kumkatia mgonjwa tamaa. Na aliyebeba lazima kesho yake aende kumjulia hali aliyembeba. Siku ile ya Mabamba, ndugu zake walipochoka, watu wa upande huu wasiowafahamu waliingiza mabega. Hakuwahi kuwajua ni akina nani.

Nilisikiliza, nikasema ni desturi nzuri, nikarudi kwenye ajenda.

Masika yalipochanganya, mratibu alipiga simu. Mashine ilikuwa tayari Kasulu, ingepakiwa Jumamosi. Ila Jumatatu angekuja na wageni kutoka makao makuu, na wasipoikuta imefungwa, itahamishiwa kikundi cha wilaya nyingine ambako banda lilikuwa linasubiri na barabara ilikuwa nzuri. Nilimweleza mwenyekiti kwa maneno ya kulainisha. Akaelewa bila kulainishiwa. "Basi watanizika na mbuzi," alisema.

Jumamosi tulikwenda Kasulu mimi na yeye, tukapanda Fuso pamoja na fundi na injini mpya ya dizeli, nzito kiasi kwamba ilipokuwa inapandishwa utingo wawili walitukana. Dereva alikuwa mwenye asili ya pwani, kofia ya kazi kichwani, maneno laini. Tulipoacha barabara kuu, mvua ikaanza. Mbele kidogo tulikuta kalavati imeondoka, na pale ilipokuwa kuna maji mekundu yanakimbia.

"Dada'angu, hapa nageuza," dereva alisema. "Gari langu si mtumbwi."

Nilimbembeleza. Nikamtisha. Nikamwambia mambo ya mkataba mpaka sauti ikanikauka. Alinisikiliza kwa adabu, akasema anaweza kuishusha mashine pale pale au kuirudisha Kasulu, nichague. Njia ya miguu ilikuwepo, inavuka maji kwenye mawe juu kidogo ya pale, inapanda hadi kijiji cha juu, inateremka kwetu. Kwa mtu mwenye mkoba mwepesi ni safari ya kuhema. Nilimgeukia mwenyekiti nimwambie tukubali irudi, nikakuta hayupo.

Alikuwa juu ya kichuguu, khanga imemganda mwilini kwa mvua, kiganja mdomoni. Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, mrefu, unaopanda mara mbili halafu unaanguka. Ng'ambo ya maji mwanamke aliyekuwa anapalilia maharage aliinuka, akaupiga vile vile. Kisha ukasikika mlimani, ukazidi kwenda mbali mpaka ukawa mdogo.

"Umepiga wa nini?" nilimuuliza.

"Wa ingobyi."

"Mama, watu watadhani kuna mgonjwa!"

"Sasa weye unataka nipige upi? Tuna wa moto, tuna wa mwizi, tuna wa ingobyi. Wa mashine hatuna."

Walikuja. Mimi niliyekuwa nasubiri watu hadi jua linageuka, niliwaona watu wa kijiji chetu wakiteremka mlima ule mbio kwenye tope, ingobyi tupu juu ya mabega, nyuma yao wanawake na mablanketi na chupa ya uji. Wanakikundi wangu wote wa kuchelewa walikuwepo. Walipomkuta mwenyekiti mzima wakauliza mgonjwa ni nani, akawaonyesha injini. Nilijua watageuka. Kisha mama mmoja akasema, "Yoo, masikini, na mvua hii," akaifunika injini kwa turubai, akaifunga vizuri pembeni kama anavyofungwa mtu asilowe.

Wakaongeza miti ya mkaratusi kuimarisha ile ya ingobyi, wakafunga kamba upya. Wanawake walijigawia vipande vingine vya mashine, kinu, chekeche, boliti. Fundi alivaa mkanda wa mashine shingoni. Wanaume wakainama wakainuka pamoja, na ile injini iliyotukanwa na utingo ikaondoka ardhini, ikavuka maji. Dereva alishuka garini akasimama kwenye mvua anatazama. "Subhanallah," alisema, na kofia yake ilikuwa inachuruzika.

Nami nilitazama, nikasahau simu, nikasahau Jumatatu. Hakuna aliyetoa amri. Aliyechoka alikohoa kidogo, na kabla hajamaliza kukohoa bega jingine lilikuwa limeshaingia pale lake lilipotoka. Mwendo haukukatika. Penye utelezi, wa nyuma walijua kabla ya kuambiwa kwamba wa mbele wamepiga goti. Nilikuwa nimekaa na watu hawa karibu mwaka nikiwafundisha kujipanga.

Kijiji cha juu kilikuwa kimeiona ingobyi ikipita tupu, kikajua itarudi na mtu. Tulipotokea, watu walikuwa wamepanga mstari njiani chini ya mvua, wanaume wamevua kofia. "Mwihangane," walitupa pole, "mwihangane sana." Na kabla sijajua niseme nini, walianza kuingiza mabega. Wa kwetu waliokuwa wamechoka walitoka, wakashika viuno. Mbele kabisa, kwa sababu ya urefu wake, alikuwa yule mfuga nyuki.

Nilimtazama mwenyekiti. Alikuwa anatembea pembeni ameshika kamba, macho mbele, midomo ameibana.

Tulivuka kijiji chote hivyo. Pale mteremko wa kwetu unapoanzia, bibi mmoja mzee wa juu aliinama kumgusa mgonjwa miguu, kama wanavyofanya kumtia moyo. Akaingiza mkono chini ya turubai. Akautoa, akautazama ukiwa na grisi.

"Ni chuma!" alipiga kelele.

Msafara ukasimama, ingobyi ikiwa juu. Mfuga nyuki aligeuza shingo kadiri mti ulivyomruhusu, akaliona gurudumu la injini limechungulia, akamwona mwenyekiti.

"Umenibebesha mashine yako," alisema. Hakupaza sauti, na ndiyo maana niliogopa.

"Nilipiga ukelele niliokuwa nao," mwenyekiti alimjibu. "Sikumwita mtu jina."

Mvua ilikuwa inapiga turubai. Nilihesabu mabega kwa macho. Yalikuwa karibu yote ya juu. Wa kwetu walikuwa nyuma, miguu inawatetemeka. Mteremko ulikuwa mwekundu na mkali, na yeyote pale angeweza kutoa bega lake, na mashine ingekwenda bondeni yenyewe pamoja na migomba iliyokatwa, pamoja na jina la mama yule. Nilitaka kusema kitu cha kiongozi. Hakikuja, na ninashukuru hakikuja.

Mfuga nyuki alitazama mteremko. Alitazama mti uliokuwa begani kwake.

"Ingobyi haiwekwi chini njiani," alisema mwishowe. "Tembeeni. Tutagombana tukifika."

Wakateremka. Alinung'unika njia nzima, alimtukana mwenyekiti, akamtukana fundi na mkanda wake, akaitukana programu yetu kwa jina lake kamili, na alipopiga mguu mahali wote walipiga hapo hapo. Kamba ya upande wangu ililegea. Nikaishika, na sikuiacha. Tulipofika bandani mbuzi walifukuzwa, ingobyi ikashushwa juu ya msingi, polepole, na mtu mmoja akasema "amefika" kama wanavyosema kwa mgonjwa. Nililia. Sikuwa na huzuni yoyote, nililia tu, na mvua ikanisitiri.

Mzee hakugombana. Alifuta bega, akakataa uji, akapanda mlima na watu wake bila kuaga. Mwenyekiti aliangalia migongo yao mpaka ikapotea.

"Jumatatu mratibu ataikuta," nilimwambia kumchangamsha.

"Mratibu ataikuta," alisema. "Na atakayesaga ni nani, mimi na mbuzi?"

Ndipo nilipoelewa alichokuwa anakiogopa miezi yote ile. Muhogo wa kijiji chetu peke yake usingelisha mashine, na yeye alilijua hilo tangu siku ya panga la kwanza kwenye mgomba.

Kesho yake, Jumapili, fundi alikuwa bado anakaza boliti watu walipoanza kutoka kanisani. Mwenyekiti alifagia banda ambalo lilikuwa limeshafagiwa. Nilikuwa nimekaa kwenye gunia mlangoni nilipomwona mfuga nyuki anateremka, koti la ibada, fimbo mkononi. Nyuma yake mkewe, beseni kichwani. Nyuma yao wengine, wale wote walioingiza mabega, mstari mrefu hadi juu kabisa ya mteremko.

Alifika, akapiga makofi ya salamu. Hakutabasamu. Hakuiangalia mashine, alimwangalia mwenyekiti.

"Tumekuja kumjulia hali mgonjwa," alisema. "Ameamkaje?"

Mwenyekiti alijifuta mikono kwenye khanga.

"Ameamka," alijibu. "Ila hajala bado."

Mzee alimgeukia mkewe, akamsaidia kutua beseni. Lilikuwa limejaa muhogo mkavu, mweupe.

"Basi alishwe," alisema.