Ukuta Uliojengwa Sebuleni Kwetu

Hivi nyie mmewahi kutoka kuoga mkakuta fundi anajenga ukuta sebuleni kwenu?

Mimi nimekuta. Taulo begani, mswaki mdomoni.

Jamaa kavuta uzi, kapanga matofali mstari wa kwanza, anapiga mluzi. Sebule, chumba cha mama na mlango wa barabarani vinabaki kule. Chumba changu, cha kaka na jiko vinabaki huku nyuma.

Damu ikanichemka. Nilijua ni kaka tu.

Nyumba yetu iko barabarani kabisa, mtaa ambao kila kibaraza kimegeuzwa duka. Mimi ni msusi, sebule naitaka iwe saluni. Kaka anachomelea mageti, anaitaka iwe karakana.

Tulikuwa hatusemeshani kabisa. Nikiweka viti vya wateja, anavitoa nje. Akiingiza vyuma vyake, navitupa uani. Kila mmoja anatishia, "Ipo siku nitapiga ukuta hapa."

Na mama yupo hapo hapo sebuleni, kakaa na cherehani chake cha zamani. Nacho tulikisukuma kila kona. Mimi nakianikia taulo, kaka anakiegemezea nondo. Mama akisema, "Wanangu, nataka nianze tena kushona," tunaitikia sawa mama, halafu tunaendelea kutukanana juu ya kichwa chake.

Basi nikamvaa fundi.

"Nani kakutuma?"

"Aliyenituma kasema nisijibu maswali, dada. Sogea, utachafuka."

Nimuulize kaka? Thubutu. Bora nife.

Fundi alipoenda kula, nikang'oa matofali ya upande wa chumba changu, saruji bado mbichi, nikayaficha chini ya kitanda. Baadaye nikachungulia, naona na upande wa chumba cha kaka kuna pengo. Nikasema huyu fundi wa kaka naye bure kabisa.

Fundi akarudi, akatazama mapengo yote mawili, akacheka peke yake, akajenga upya.

Jioni ukuta ukagusa dari. Nikatoka uani nimefura, nikamkuta kaka kashika nyundo.

"Bomoa ukuta wako," nikamwambia.

"Wangu? Si wewe uliyeleta fundi, mchawi wee? Nimeng'oa matofali yako mchana, na huu wote naushusha."

"Umeng'oa wewe? Na mimi nimeng'oa."

Sasa ukuta ni wa nani?

Ndipo tukasikia mlio ng'ambo ya ukuta. Cherehani, kinakimbia.

Tukatoka kwa geti la nyuma, tukazunguka hadi barabarani. Mlango una komeo. Dirishani tukamwona mama na miwani yake, anapinda suruali. Fundi kasimama pembeni kajifunga shuka, anasubiri suruali yake.

"Mama, umetufungia nje?" kaka akauliza.

Hakuinua hata macho. "Si mlikuwa mnautaka ukuta? Nimewajengea."

"Sasa sebule itakuwaje?"

"Sebule ya nani? Mnagawana nyumba yangu na mimi niko hai, nimekaa hapo hapo, nawasikia. Kaeni huko nyuma. Mkikosa cha kugombania, jiko lipo."

Akavuta pazia.

Mnataka kusikia kwamba mimi na kaka tulipatana? Hatukupatana. Sasa hivi tunagombania jiko, na jana kanimwagia mboga yangu.

Ila kuna jambo limenichoma kuliko hayo. Juzi nilitaka gauni langu lipunguzwe. Nikazunguka barabarani, nikasimama nyuma ya wateja wengine. Zamu yangu ilipofika, mama akanipima kiuno taratibu, bila kunitazama usoni.

"Njoo keshokutwa, mteja," akasema.

Mteja. Mimi niliyezaliwa kwenye sebule ile ile.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa huku unapigia hesabu vyumba vya kwenu, kama mzazi bado yupo, nyamaza kwanza umsikilize. Akisema anataka kushona, msogezee cherehani dirishani.