Mstari Nilioruka

Juzi asubuhi mjukuu wangu wa kike aliruka mstari, nikasikia kichefuchefu mpaka chai ikanishinda. Macho yangu siku hizi hayawezi herufi ndogo, kwa hiyo kabla hajaenda kazini ananisomea Biblia kidogo. Alikuwa anasoma vizuri tu, akafika mahali sauti ikateleza, akaibukia mbele. Alidhani sikujua. Mwenzangu, nilijua. Mchezo huo niliucheza mimi kabla yake, na mpaka leo unaninukia.

Nilikuwa na miaka kumi hivi, naishi na bibi yangu kijijini Ziwani, karibu na Mikindani. Shule niliishia la nne. Bibi hakujua hata a, lakini hakuna jembe lililotoka nyumbani kwake kabla ya Biblia kusomwa. Zamani alisomewa na mama yangu, akaja mama mdogo, zamu ikanifikia mimi. Alama yetu ilikuwa unyasi wa ufagio. Tulipoishia jana ndipo tulipoanzia leo, kuchagua marufuku.

"Tukichagua wenyewe, mke mwenzangu," alikuwa akiniambia, ndivyo alivyozoea kunitania, "tutachagua ya kutubembeleza tu."

Miaka hiyo kulikuwa na vita ng'ambo ya Ruvuma, watu wanavukia kwetu na watoto migongoni. Msimu wenyewe wa korosho, mabibo yameoza shambani, nzi wamejaa, ule uchachu umeingia hadi kwenye maji ya mtungi. Katikati ya uvundo huo bibi akapokea mama mmoja na binti yake wa rika langu. Binti alivaa gunia lililotobolewa shingo na mikono. Miguu imeliwa na funza, anatembelea visigino, na vidonda vinatoa usaha. Bibi akamlaza kwenye mkeka wangu. Mimi nikageukia ukutani, nikaziba pua.

Jirani alipita akacheka. "Wewe bibi wewe, hao funza watahamia kwenu, mtatembea kama kaa!"

"Wakihamia nitakuita uje uwatoe," bibi akamjibu. "Sindano si unayo?"

Nguo nilikuwa nazo mbili: ya shule, na gauni jipya la maua nililoshonewa Mikindani kwa ajili ya Krismasi. Kila siku nilifungua sanduku, nikalinusa, nikalifunga.

Asubuhi ya tatu unyasi ukatufikisha kwa Yohana Mbatizaji, watu wanamuuliza basi wafanye nini. Jicho langu likatangulia, likaona jibu: mwenye nguo mbili amgawie asiye nayo. Na yule binti kakaa pale mlangoni na gunia lake. Nikaruka. Nikaenda moja kwa moja kwa watoza ushuru, sauti haikutetemeka hata kidogo. Nilipoinua uso, midomo ya bibi ilikuwa inacheza peke yake. Ilikuwa inausema ule mstari nilioacha. Alishasomewa na watu wawili kabla yangu, alikuwa nao moyoni.

Hakunigombeza. Alisema "Amina," akaingia ndani, akatoka na doti yake mpya ya kanga, hata haijakatwa. Akaipasua katikati kwa kisu cha kumenyea muhogo, kipande kimoja akamfunga yule binti shingoni. Gunia akalichoma moto. Mimi nilitazama yote hayo nimelikalia sanduku langu.

Krismasi bibi akaenda kanisani na kanga moja kiunoni, kichwani kajitanda tambara. Wanawake hawakumwacha. "Bibi, kanga mwenziwe kaachika?"

"Kaenda kutembea," akasema, wakacheka.

Nami nimesimama ubavuni mwake na gauni la maua, nasikia kama linanitambaa mwilini. Wiki mbili nilikuwa nimemzibia pua mtoto wa watu. Siku hiyo nilijua anayenuka ni nani.

Ibada haijaisha nikakimbia nyumbani, nikalivua, nikalikunja vizuri. Nikakuta mkeka mtupu. Lori lilikuwa limepita asubuhi ile ile, limewachukua wageni wote kwenda kambini. Gauni sikulivaa tena. Panya walilitafuna ndani ya sanduku, nikawaacha walitafune.

Tangu hapo, hadi macho yaliponishinda, nilisoma kidole kikiwa chini ya mstari, na mara nyingi mstari wa siku umenikuta nina jambo mkononi la kuamua, ukaniamulia nisivyotaka. Siku hizi watu wanatumiana baraka kwenye simu kila kukicha, baraka na picha za maua. Ule wa nguo mbili sijatumiwa hata mara moja. Baraka hizo hunichefua, kwa kuwa najua vidole vinavyozituma vinarukaje.

Nyumba ya bibi sasa ni kichuguu, mikorosho imekatwa. Majina yote ninayo: jirani mcheshi ni Fidea, aliyenishonea gauni ni Saidi, hata mbuzi wa bibi aliitwa Sinahaya. La yule binti sina. Wiki mbili mkeka mmoja, na sikumuuliza.

Juzi nilimwacha mjukuu amalize, afunge kitabu, achukue mkoba wake.

"Mke mwenzangu," nikamwita, "rudi pale uliporuka."

Akasimama mlangoni, uso ameuinamisha.

"Soma taratibu. Halafu huyo unayemkwepa, aliyekufanya uuruke mstari, ukifika kwake leo, anza kwa kumuuliza jina."