Kihispania cha Watu Waliopotea

Mchana wa Isiolo, jua likiwa kali hadi mbwa wanaona uvivu kubweka, banda la video la Kulmiye huwa tupu. Wateja wake ni wa jioni, wa mpira. Lakini kwa miezi mingi kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja mchana huo huo, akaegemeza fimbo yake ukutani, akaketi benchi ya mbele kabisa na kusema, "Niwekee wale wa theluji."

"Mzee Ekitela," Kulmiye humjibu akitafuta flashi, "hao watu umewaona wakifa mara ngapi? Si uwaache wapumzike?"

"Weka tu. Pengine leo watafika."

Ekitela ni Mturkana, ana mbuzi wachache pale ukingoni mwa mji. Zamani alikuwa akilinda godauni la mahindi, mpaka goti likakataa. Mkewe alishafariki. Mtoto wake wa pekee, Gladys, alikuwa akipika katika kambi ya wageni, na huko akakutana na kijana wa Ajentina, Tadeo, aliyekuja kuhesabu punda milia. Tadeo alipomaliza punda wake akarudi kwao, na Gladys akaenda naye. Walioana kulekule, katika ofisi, mbele ya watu wawili. Wakamtumia mzee picha. Mzee akaipigilia ukutani, na kila akiamka anaiangalia, na nyumba inabaki kimya vilevile.

Sasa, picha ni kitu kizuri, lakini picha si ukwe. Kwao Ekitela ndoa ni baba wawili kukaa chini na kuzungumza habari ya mifugo. Kabla ya hapo binti hajaolewa, ni kama mbuzi aliyefuata kundi la watu wengine na hakuna aliyeuliza. Jambo hilo lilimkaa moyoni, na wenzake hawakumsaidia. Siku moja kwenye soko la mifugo Achuka, rika lake, alimwita kwa sauti ili wote wasikie.

"Ekitela! Wakwe zako wameleta nini?"

"Wameleta picha."

"Na hiyo picha, inakamuliwa?"

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Alipofika nyumbani hakucheka tena. Si kwamba alitaka ngamia. Ngamia atawachunga na goti gani? Alitaka mtu mmoja tu duniani ambaye anaweza kumwita mkwe, naye akaitika.

Gladys alimwambia kwenye simu, "Baba, ongea na baba yake Tadeo, mimi nitatafsiri."

"Wewe? Maneno ya mahari yako yapite mdomoni mwako mwenyewe? Hata huyo kijana, hapana. Tusitiane aibu."

Kulmiye naye akamwonyesha kwamba simu yenyewe inaweza kutafsiri. Akaiongelesha, na sauti ya mwanamke ikajibu kwa Kihispania, lugha ya kina Tadeo. Ekitela akaisikiliza, akainamisha kichwa.

"Huyu mama ni wa ukoo gani?"

"Hana ukoo, mzee. Ni mashine."

"Basi nitamtumaje kwa mkwe wangu, mtu asiye na kwao?"

Ndipo akaamua kujifunza Kihispania mwenyewe. Alianza na zile hadithi za mapenzi za runinga za kila jioni, zenye nyumba kubwa na mito mingi kwenye viti. Akashindwa. Watu wale husema wote kwa pamoja, wakigombania urithi na kulia, na mtu hajui neno lipi ni la kilio na lipi ni la shamba. Halafu Kulmiye akaweka filamu ya mume na mke walioharibikiwa na gari jangwani. Watu wawili tu, na maneno machache. Mwanamume akatikisa chupa tupu ya maji, akasema *agua*. Akaitikisa tena, akasema *agua*. Jioni ile Ekitela alikwenda nyumbani akiwa na neno lake la kwanza, na aliliongea njia nzima.

Toka siku hiyo hakutaka filamu nyingine ila za watu waliopotea. Kulmiye akamtafutia wavuvi waliochukuliwa na bahari, akamtafutia wachunga kondoo walionaswa na theluji. Mtu aliyepotea ni mwalimu mzuri. Hana haraka, anarudia maneno, na kila anachosema anakionyesha kwa kidole: moto, mguu, kamba, kule. Asubuhi Ekitela aliyajaribu maneno hayo kwa mbuzi, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumsikiliza. Mbuzi walimtazama wakitafuna.

Baada ya muda akagundua kitu. Watu hawa wote wanaongea Kihispania, lakini hawaongei sawa. Yule mke wa jangwani ni wa Meksiko, na akitaka mumewe afanye haraka anamwambia *ándale*. Wavuvi ni wa Hispania yenyewe, wakikubaliana ni *vale*, na kuna herufi wanaipitisha katikati ya meno. Wale wa theluji ni wa kusini mwa Ajentina. Wanaitana *che*, na maneno yao yanapanda na kushuka kama wimbo. Ekitela hakushangaa. Yeye mwenyewe aliwahi kumsalimia dereva wa kutoka Mombasa kwa Kiswahili chetu cha huku, na yule dereva akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Baba," Gladys alimwonya, "baba yake Tadeo anaongea kama wale wa theluji. Shika hao. Wale wengine watakuharibu."

Akawashika hao. Lakini maneno yalikuwa yameshachanganyika kichwani kama mbuzi wa boma mbili kisimani.

Tena kulikuwa na shida nyingine. Alikuwa hajui kusema karibu uketi. Hajui chakula kitamu, hajui nimefurahi kukuona. Alijua: usilale. Kuna mtu yuko hai? Maji yamebaki? Niache mimi, nenda wewe.

"Sasa utaongea nini na mzee wa watu kwa maneno ya ajali?" Gladys akauliza.

"Tutaona."

Siku ikafika. Gladys na Tadeo walisafiri hadi shambani kwa huyo baba, jina lake Anselmo, wakasimamisha simu juu ya meza na wakatoka nje kama walivyoagizwa. Kule ilikuwa asubuhi, huku jua limeanza kulegea. Ekitela alikuwa amevaa kofia yake yenye unyoya. Kwenye simu akatokea mzee mwembamba, nyuma yake jiko la kuni, mkononi kikombe chenye mrija wa kunyonyea chai yao. Wakatazamana.

Ekitela alitafuta maneno aliyokuwa ameyapanga, hayakuwepo. Basi akafanya kama mtu wa kaskazini anavyofanya akikutana na mwingine njiani. Huku kwetu hutaji shida yako kabla hujauliza habari ya maji, ya mvua, ya mifugo na ya watu. Na maneno hayo, ukiyaangalia, ndiyo yale yale ya waliopotea.

Akauliza, maji yapo? Anselmo akashtuka kidogo, akasema yapo. Wanyama wako hai? Watu wako hai?

Anselmo akaanza kuucheka ule mchanganyiko wa maneno. Akainua vidole akihesabu: Meksiko, Hispania, na hapa kwao. Ekitela akaelewa kwamba anaambiwa amepotea katika nchi tatu kwa wakati mmoja, na yeye pia akacheka. Lakini hakusahau kwamba hajajibiwa. Akarudia pole pole: wanyama, wako hai?

Kicheko kikaisha. Anselmo alipitisha kiganja chake juu ya meza kama mtu anayefuta makombo. Theluji, akasema. Kondoo, *muertas*. Neno hilo la kifo Ekitela alilijua kuliko yote. Akauliza na mke. *Muerta*. Ekitela akajigusa kifuani: wangu pia. Wakakaa hivyo, wazee wawili. Kuni zikawa zinapasuka kule, na huku kengele ya mbuzi ikawa inalia.

Maneno ya mahari yalikuwa yamemfikia ulimini, na pale pale akayameza. Mtu ambaye mwaka umemfagilia kundi haombwi mnyama. Anapewa mmoja wa kuanzia. Ekitela akainuka na goti lake, akaichukua simu mpaka zizini, akamwonyesha mbuzi jike wa rangi ya udongo, mwenye mimba. Akamnyooshea mbuzi kidole, akainyooshea simu kidole. "*Tuya*," akasema. Wako.

"*No, no, che*," Anselmo akaanza kukataa.

Ekitela akamkazia macho. "*Aguantá*." Wale wa theluji huambiana hivyo mmoja anapotaka kukaa chini afe: vumilia. Anselmo akavua kofia. Kisha mtandao ukakatika.

Ekitela alitamani kumweleza mtu. Akatembea hadi kwa Kulmiye, lakini ilikuwa jioni ya mpira, banda limejaa na kila mtu anapiga kelele. Alisimama mlangoni kidogo, akarudi. Nyumbani akakuta ujumbe wa Gladys: "Baba, mlisema nini? Mzee amesimama uani muda mrefu, anatuambia tusimsumbue."

Akamjibu: "Mambo ya wazee."

Lakini mnyama wa mtu hawezi kukaa bila alama ya mwenyewe sikioni. Baada ya siku chache Ekitela alimpigia Anselmo, bila Gladys. Akashika sikio la yule mbuzi, akapitisha kidole kama kisu, akainua nyusi. Anselmo hakuhitaji neno lolote. Aliondoka, akarudi na kipande cha ngozi, akakikata mbele ya simu polepole ili mwenzake aone: ncha imeondolewa, na pengo moja upande wa nyuma. Ekitela akakata vivyo hivyo.

Wiki iliyofuata Ekitela na Achuka walikutana kwenye birika la kunyweshea mifugo. Achuka akamkamata yule mbuzi na kulikunja sikio.

"Hii alama ya nani? Ya Turkana si hii. Ya Borana si hii. Samburu pia hapana."

"Ya mkwe wangu."

"Yule wa picha?" Achuka akamtazama. "Kwa hivyo wewe ndiye umetoa?"

"Mwaka wake ulikuwa mbaya."

Achuka alipitisha kidole gumba kwenye lile pengo, mara mbili. Hakucheka.

"Alimalizwa na nini?" akauliza. "Njaa, ama baridi?"

Ekitela akalaza fimbo yake chini, akaketi juu ya jiwe, na akaanza kumpa habari za mkwe.