Mchora Maboksi

Mama hakuwahi kuielewa kazi yangu. Kila akinikuta na kompyuta, pale nyumbani Bariadi, aliguna: "Ulisoma chuo chote kile uje kuchora maboksi?" Wala hakukosea. Nachora maboksi, nayaunganisha kwa mistari, nabonyeza kitufe, na kompyuta inaunda programu yenyewe kutokana na mchoro. Mpaka leo ikitokea nataka kupiga vigelegele.

Siku moja wafugaji walikutana kuona sampuli ya programu yangu ya kuandikisha mifugo, na mama akaja. Marehemu baba aliacha ng'ombe wetu kwa rafiki yake, mzee mmoja wa Bukundi, kama tufanyavyo Wasukuma: mtunzaji anakunywa maziwa, ng'ombe wanabaki wa mwenyewe. Shahidi pekee wa mama alikuwa mzee huyo, na miaka ilikuwa inamla. Mama aliogopa siku mzee atakapofariki.

Tukaanza na mzee mwenyewe, nikaandikisha ng'ombe walioko bomani kwake. Projekta ikawaka, na ng'ombe wetu wote wakatokea ukutani chini ya jina lake. Mama akashika kichwa.

"Hapana, mwanangu," mzee akasema. "Hawa ni wa mayu huyu, mama yako. Mimi nakunywa maziwa tu."

Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa nimechora kwamba ng'ombe ni wa boma analolala! Msukuma gani mimi?

Basi nikaufungua mchoro mbele yao, nikaligawa lile boksi: mwenye ng'ombe huku, mtunzaji kule.

"Na ndama je?" mmoja akapaza sauti. Nikavuta mstari.

"Mtunzaji akihama?" Mstari mwingine. Wakaacha viti, wakanizunguka, kila mtu fundi. Nikabonyeza. Chai haijapoa, programu mpya hiyo ukutani, ng'ombe wako chini ya jina la mama na mzee ameandikwa mtunzaji! Nilirukaruka kama mtoto, nikasahau kwamba niko kazini.

Mama peke yake hakushangilia. Alisogea, akaweka kidole kwenye kioo, juu ya boksi la mwenye ng'ombe.

"Na huyu akifa?"

Hilo sikuwa nimelichora. Nikaongeza boksi la mrithi, nikabonyeza. Ikatokea nafasi tupu inayosubiri jina.

"Andika lako," mama akasema. "Si wewe ndiye mchora maboksi?"